Mjadala: Mwenye hisa nyingi aachiwe kuuza uwanja wa klabu?

Wadau wa soka, mtu akinunua hisa nyingi za klabu, amenunua na haki ya kuuza uwanja wake? Mimi nasema hapana, na sheria ndiyo imzuie. Nawaletea kisa cha Third Lanark ya Glasgow, halafu mnipinge kwa hoja.

Klabu hii iliundwa mwaka 1872 na askari wa kujitolea wa Lanarkshire. Ilikuwa miongoni mwa waasisi wa Ligi ya Uskoti mwaka 1890, ikatwaa ubingwa mwaka 1904 na Kombe la Uskoti mara mbili, 1889 na 1905. Msimu wa 1960/61 ilimaliza nafasi ya tatu kwa mabao 100 katika mechi 34, na Alex Harley peke yake alifunga 42. Timu ya namna hiyo, miaka sita baadaye, haipo!

Usukani ulikuwa kwa mwenyekiti Bill Hiddelston, ambaye ndiye alikuwa mwenye hisa nyingi. Msimu wa 1964/65 timu ilishuka daraja ikiwa na pointi 7 tu. Tarehe 28 Aprili 1967 ilicheza mechi yake ya mwisho, ikafungwa 5-1 na Dumbarton, na kiangazi hichohicho ikafilisiwa. Cathkin Park, uwanja wake, ulilengwa kuuzwa ujengwe nyumba. Serikali ilichunguza, ikakuta uendeshaji mbovu. Hiddelston alikuwa ameshafariki, wakurugenzi wenzake wakatozwa faini. Faini! Kwa klabu ya miaka 95.

Kuna wanaosema ni soko tu: Glasgow ina Celtic na Rangers, wadogo lazima wafe. Hoja hii siikubali hata kidogo. Mwaka huohuo Celtic walipobeba Kombe la Ulaya kule Lisbon, Clyde, klabu ndogo ya pembeni mwa jiji hilohilo, ilimaliza ya tatu kwenye ligi. Partick Thistle nao waliifunga Celtic 4-1 kwenye fainali ya Kombe la Ligi mwaka 1971. Wadogo waliweza kuishi. Third Lanark iliuliwa kutoka ndani.

Hoja nzito zaidi ni ya mwekezaji: ukimfunga mikono asiuze, nani ataleta pesa? Jibu langu ni kwamba aliyekuja kwa ajili ya mpira anauhitaji uwanja kuliko yeyote. Anayekimbia kwa sababu kiwanja hakiuziki alikuwa amefuata kiwanja. Na tazameni kilichotokea: nyumba hazikujengwa, eneo likabaki bustani ya umma, na majukwaa ya zamani yapo hadi leo, miti imeota katikati yake. Ardhi iliokolewa, klabu ikapotea. Kama kinga ya kuzuia uwanja usiuzwe ingekuwepo tangu mwanzo, pengine hata tamaa ya kuiua isingekuwepo.

Uskoti sasa ina sheria ya 2003, iliyopanuliwa mwaka 2015 ifike mijini, inayoipa jamii iliyojisajili nafasi ya kwanza kununua ardhi mwenyewe anapoamua kuuza. Ni hatua, lakini hainitoshi, maana mashabiki bado wanatakiwa kutafuta pesa za kununua kitu ambacho viingilio vyao vya miaka mingi ndivyo vilivyokilipia.

Mnaotetea haki ya mwenye hisa, nijibuni hapa: mwaka 1967 shabiki wa Third Lanark alikuwa na mlango gani wa kugonga?