Mrejesho: hosting na mfumo wa wanachama wa chama chetu

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza hapa hosting (huduma ya kukodi sehemu ya kuweka tovuti mtandaoni) ya bei nafuu na namna ya kufuatilia ada za wanachama, maana chama chetu si cha biashara na orodha yote ilikuwa kwenye Excel. Nikafuata ushauri wa WordPress (programu ya kutengeneza tovuti) na CiviCRM (programu ya kutunza kumbukumbu za wanachama), zote bure, tunalipia hosting na domeini (jina la tovuti) tu, na sasa naona kabisa ada ya nani inakaribia kuisha, aisee raha sana. Imeili za kukumbusha ziligoma mpaka nikaweka cron (kazi inayojiendesha yenyewe kwa ratiba kwenye seva) kama mlivyosema, zikaanza kwenda ila nyingi zikaangukia spamu, nimeweka SPF na DKIM (rekodi za domeini zinazothibitisha imeili kweli zimetoka kwetu) kuna nafuu lakini shida bado haijaisha. Halafu kabla hujaingiza orodha kwenye mfumo ondoa kwanza majina yaliyojirudia, mimi sikufanya hivyo nikapoteza siku mbili nzima. Asanteni mno.