Mikoko ya Rufiji: wakulima wa mpunga waondoke au wabaki?

Mlilana: Delta ya Rufiji, Tanzania, ina makumi ya maelfu ya hekta za mikoko, nyingi kuliko delta yoyote Afrika Mashariki. Kaskazini watu wamefyeka wakapanda mpunga. Bahari inapanda, na mikoko ndiyo ngao yetu. Waondolewe, miti irudi. Wavivu hao, chumvi ikizidi wanahama na kufyeka kwingine.

Mtoto wa Salale: Mvivu nani? Umewahi kulima tope la magotini? Tunahama kwa sababu kaa wanakata miche na magugu yanatushinda. Omba radhi kwanza.

Mlilana: Siombi. Mikoko ni hifadhi tangu enzi za Mjerumani.

Mtoto wa Salale: Mjerumani huyohuyo aliyechoma mashamba ya wazee wetu wakati wa Maji Maji? Leo ndiye shahidi wako?

Binti Kibiti: Kaka zangu, mnagombania Mjerumani na maji yanaingia. Mvua za El Niño za 1997 na 98, kule Mwache, Mombasa, matope yalifukia mizizi ya kupumulia, mikoko ikafa imesimama. Lakini ikikosa matope kabisa, ardhi yake hainuki pamoja na bahari. Bwawa la umeme la Julius Nyerere, juu kwenye mto huu wa Rufiji, lilianza kujazwa Desemba 2022, na tope linabaki huko juu. Hilo ndilo la kujadili.

Fundi Jahazi: Dada, bwawa usiliguse! Megawati 2,115 hizo. Tumekaa gizani miaka mingapi?

Binti Kibiti: Nani kasema livunjwe? Maji yaachiwe kwa mpango, masika yafike delta. Maji baridi ndiyo yanayoisukuma chumvi. Yakipungua, mpunga unakufa kwanza, kisha mikoko aina ya msikundazi. Aina ya mchu utabaki, maana wenyewe unatoa chumvi kwenye majani.

Fundi Jahazi: Kila kitu kikiharibika nchi hii, bwawa!

Mzee wa Ngalawa: Wanangu, mto wenyewe ulihamia kaskazini baada ya mafuriko ya miaka ya 70. Maji matamu yalikwenda huko, watu wakayafuata na mbegu zao. Mnaosema waondoke, semeni waende wapi.

Mlilana: Bara, mzee. Ardhi ipo.

Mtoto wa Salale: Bara ipi? Taja kijiji kitakachotupa bonde la mpunga.

Mlilana: Serikali itapanga.

Mtoto wa Salale: Nimekuuliza wewe. Na radhi bado hujaomba.