Mtoto akirudi shule ni kilio na kisirani mpaka usiku, wa kwenu mnawatulizaje?

mamaK_uyole
Habari za jioni wapendwa, naombeni mawazo maana nyumba yangu ikifika saa kumi na nusu inakuwa haikaliki. Kijana wangu ana miaka sita, yuko la kwanza, shuleni mwalimu anamsifia mpole, msikivu, hana shida na mtu. Sasa ngoja ashuke kwenye Noah ya shule pale getini. Begi anatupa, viatu hataki kuvua, ukimuuliza umekula nini analia, ukikaa kimya analia, jana kalia nusu saa kisa dada wa kazi kamkatia parachichi vipande na yeye alitaka kula na kijiko. Parachichi jamani, hapa kwetu mpaka yanaoza.

Ratiba yake ni kwamba hapa Mbeya shule iko upande wa Iyunga na sisi tupo Uyole, kwahiyo yeye ndo wa kwanza kuchukuliwa na wa mwisho kushushwa, saa kumi na mbili kasoro asubuhi yuko barabarani na baridi hii ya Julai, jioni tena foleni. Mi natoka kazini saa kumi na mbili. Dada akiona kelele zimezidi anampa simu aangalie katuni, anatulia kweli, ila kumnyang'anya hiyo simu sasa ndo vita ya pili. Tunakula saa mbili, homuweki baada ya kula, analala juu ya daftari. Baba yake anasema ni deko tu, apate viboko viwili atanyooka. Mi siamini kama ni deko. Mnafanyaje wenzangu?

mwl_wa_watoto
Kamwene dada, nipo Iringa, nafundisha awali na la kwanza kwahiyo hao wapole wa darasani nawajua vizuri sana. Huyo mtoto siku nzima kajibana. Kakaa kwenye dawati, kapanga foleni, kasubiri zamu, kanyamaza alipotaka kuongea, kaazimwa rula haikurudi na hakusema kitu. Akifika kwako anamwaga yote kwasababu kwako anajua hafukuzwi. Yule anayenisumbua darasani mara nyingi nyumbani anafika katulia, wa kwako ni kinyume chake tu, hakuna cha deko hapo.

Kitu cha kwanza watu wengi hawakifikirii ni choo. Wapo watoto wanabana mkojo tangu asubuhi sababu choo cha shule kinanuka au wanaogopa wakubwa, na wakibana wanaacha hata kunywa maji ili wasisikie haja, hasa kipindi hiki cha baridi, chupa inarudi imejaa vilevile. Mtoto kafika kichwa kinamuuma, kibofu kimejaa, tumbo tupu, halafu mtu anamuuliza "leo umejifunza nini?" Angekuwa mtu mzima angetukana. Mwambie dada yako wa kazi akishuka asimuulize chochote, amwambie tu karibu baba, choo kile, maji haya, chakula hiki hapa. Na chakula kiwe tayari kabla hajafika, asikute ndo jiko linawashwa. Uji wa ulezi wenye karanga, viazi vya kuchemsha, kande ya mchana, chochote kinachoshiba, biskuti na juisi za rangi ziache. Maongezi yatakuja yenyewe, tena mara nyingi anayatoa akiwa kitandani wewe umeshachoka.

Mwana_Isanga
Watoto wa siku hizi mnawalea kama mayai, sisi tulikuwa tunatembea kwa mguu kwenda na kurudi, tukifika tunapewa ndoo ya maji, nani alikuuliza umechoka? Baba yake yuko sahihi.

baba_wawili_tukuyu
@Mwana_Isanga mkuu na mimi nilitembea, ila hebu kumbuka vizuri hiyo njia ya kurudi ilikuwaje. Tulikuwa tunapita mtoni, tunarusha mawe kwenye maembe ya watu, tunapigana, tunapatana, tunafika home tumeshasahau mwalimu. Huyu wa dada anatoka kwenye kiti cha darasa anaingia kwenye kiti cha Noah amebanwa na wenzake kumi na kitu mpaka Uyole. Hajakimbia popote. Viboko vitamkimbizia wapi?

Mi wangu nawaachia uani mpaka giza liingie, na bahati yetu huku jua linachelewa kuzama, mpaka saa kumi na mbili na nusu bado unaona. Udongo, tairi, mpira wa makaratasi, wakirudi ndani wananuka jasho na hawana kisirani hata kidogo. Nguo nazifua jumamosi mwenyewe kwahiyo sina wa kunilalamikia.

Mwana_Isanga
Haya bana, ya maembe umenishinda 😂

nesi_wa_nyanda
Mamangu K, turudi kwenye usingizi maana naona hapo ndo penye tatizo kubwa. Kwa umri wa miaka 6 mpaka 12 mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2016 ni saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa kwako kama Noah inampitia saa kumi na mbili kasoro basi mnamuamsha saa kumi na moja na robo hivi. Homuweki baada ya chakula cha saa mbili maana yake analala saa tatu na nusu, hapo kapata saa nane hazijafika. Afu kumbuka huku kwetu Julai jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi, Dar wanatutangulia kama dakika ishirini na kitu, kwahiyo wa kwako anaamshwa usiku kabisa.

Hesabu irudishe nyuma, awe kalala saa moja na nusu, ikishindikana saa mbili kamili. Maana yake ale saa kumi na mbili na nusu, asiwasubiri wakubwa. Na chai ya rangi jioni muondolee, tunawapa kwasababu ya baridi ila ina kafeini ileile inayokukesha wewe, na akiinywa pamoja na chakula inauzuia mwili kupata vizuri madini ya chuma. Maziwa ya moto au uji vinatosha.

Maji ya moto ya kuoga kabla ya kulala yanasaidia sana, soksi, sweta, kitandani. Lakini jamani, na hili nawaambia wote wa Mbeya, Njombe, Makete, msimuwekee mtoto jiko la mkaa chumbani kupasha joto halafu mfunge dirisha. Ile hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Blanketi la pili, au chupa ya maji ya moto ifungwe vizuri na kuviringishwa kwenye taulo, uitoe kabla hajalala.

Mwisho, kama anakoroma kila siku na kulala mdomo wazi, inaweza kuwa nyama za puani, hapo usingizi unakuwa wa kukatikakatika hata akilala mapema. Na kama amepauka, anachoka hata jumapili, mpeleke apimwe damu na choo.

mama_mkubwa_makambako
Mwanangu mimi simu ya kuandika maneno mengi sijui, anaandika mjukuu. Wangu hapa akija na hasira nampa maharage mabichi apukuchue kwenye ungo. Simsemeshi. Mikono inafanya kazi mdomo unafunga, baada ya muda unasikia bibi unajua leo fulani kaanguka. Msimu wa mahindi ni mahindi. Usimkosoe akimwaga.

mamaK_uyole
Jamani ndaga fijo, sikutegemea majibu haya. Mama mkubwa shikamoo, hilo la maharage dada kalipenda kuliko wote 😂 Nesi, kukoroma anakoroma akiwa na mafua tu, ila chai ya rangi anakunywa kikombe kizima kila jioni, nimemwambia baba yake akanyamaza. Ya choo nimemuuliza polepole leo wakati wa kuoga kasema mlango haufungi. Nitaongea na mwalimu.

Sasa bado maswali mawili. Simu niikate ghafla au taratibu? Na homuweki naiweka wapi akilala saa moja na nusu?

baba_wawili_tukuyu
Simu hamisha tu, mpe wikiendi mchana. Siku mbili tatu za mwanzo dada atazisikia kelele, mwambie kabisa asije akalegea. Na awe na kitu cha kumpa badala yake, usimnyang'anye mikono ikabaki mitupu.

mwl_wa_watoto
Homuweki kaa naye ukifika tu kutoka kazini, akiwa ameshakula na ameshacheza, dakika kumi na tano, weka saa. Ikiisha muda funga daftari hata kama imebaki, uandike chini "amefika hapa, amechoka" na usaini. Mwalimu mwenye akili anaelewa, mimi napokea hizo kila wiki. Mkiona kila siku inabaki basi kazi ni nyingi, hapo mkaongee wazazi kadhaa pamoja maana mmoja peke yake anaonekana msumbufu. Na siku hiyohiyo muulizeni dereva kama jioni anaweza kuanza kushusha upande wa Uyole, sio lazima anayechukuliwa wa kwanza awe wa mwisho kushuka. Huku kwetu wazazi walikomaa, wakabadilishiwa njia.