Honi ya kusafisha silo ya chokaa: hezi 75 au hezi 230?

Fundi_Kampemba: Jambo wakubwa. Kiwandani kwetu hapa Lubumbashi tuna silo (ghala la mnara) ya chokaa, kimo mita 14. Unga unashikana kwenye koni ya chini, na vijana wameupiga nyundo kutoka nje hadi bati limejaa makovu. Tunataka honi ya hewa, ile inayotikisa unga kwa mlio mzito hadi udondoke. Muuzaji ana ya hezi 75 (mitetemo 75 kwa sekunde) na ya hezi 230. Hii ya pili ni fupi, na bei ni nafuu. Nichukue ipi?

Dada_Ruashi: Kaka, hesabu urefu wa wimbi kwanza. Kwenye joto la nyuzi 20 sauti inakwenda karibu mita 343 kwa sekunde. Gawa kwa 75, unapata wimbi la mita 4.6. Gawa kwa 230, unapata mita 1.5. Wimbi refu linazunguka vizuizi na halichoki upesi njiani. Kwa silo yako sisiti: 75. Ile ya 230 ningeiweka mahali padogo, karibu na vumbi lenyewe.

Mzee_Katuba: Dada amesema kweli. Hiyo 75 ni mlio wa msingi tu, juu yake kuna milio ya mara mbili, mara tatu, nayo inafanya kazi. Mlio wa msingi unatokana na kiwambo cha titani (bati jembamba la metali) kinachotetemeshwa na hewa, pamoja na urefu wa tarumbeta, yaani mdomo wa honi. Ndiyo sababu ya 75 ni ndefu, kwa hiyo pima nafasi juu ya paa kabla ya kulipa. Presha nayo ipime pale honi inapofungwa, maana bomba jembamba linaila njiani.

Fundi_Kampemba: Asante Mzee. Na huku kwetu juu, mita 1,200 hivi, mlio hautabadilika?

Dada_Ruashi: Hapana, kasi ya sauti inafuata joto. Kwenye hewa ya nyuzi 150 inafika karibu mita 412 kwa sekunde, na wimbi la hezi 75 linakuwa mita 5.5. Silo yako haina joto hilo. Mwinuko utausikia kwenye kompresa, mashine ya kushindilia hewa, kwa kuwa inavuta hewa nyepesi.

Mzee_Katuba: Mwanangu, kifuniko kinavuja? Chokaa ikishalowa na kuganda, hakuna honi itakayoibandua. Ziba kwanza. Halafu uipige sekunde chache chache, lango la chini likiwa wazi unga ukishuka. Vijana wavae vizuia sauti, na majirani uwaambie mapema: mlio mzito unapenya ukuta.

Fundi_Kampemba: Kifuniko kinavuja kweli, mvua ya Januari iliingia. Naanza na hicho, kisha naagiza ya 75.