Nataka kuanzisha mafunzo ya msingi ya dharura kwa madaktari wa idara yetu ya dharura (EMD), nianzie wapi?

dokta_wa_zamu:
Wakuu habari za majukumu. Naomba mawazo hasa kwa mliopo idara za dharura au mliowahi kuanzisha kitu kama hiki.

Nipo hospitali ya rufaa ya mkoa, tumepata jengo jipya la EMD katika yale ya fedha za UVIKO. Jengo zuri, monita zipo, oksijeni ya ukutani ipo, ultrasaundi ipo imefunikwa shuka mpaka leo. Shida ni watu. Bingwa wa dharura hatuna, nipo mimi MD wa kawaida (daktari asiye bingwa) ambaye Mfawidhi, mkuu wa hospitali, aliniambia tu "wewe si unapenda mambo ya dharura, shika idara". Wenzangu ni MD wachache wa kuajiriwa, wa kujitolea na intani, na kila mwezi rosta inawazungusha, yaani mtu akishaanza kujua adrenalini inakaa droo gani tayari kapelekwa OPD.

Nataka niandae mafunzo ya miezi 6 kwa MD ambaye hajawahi kusomea dharura, akimaliza aweze kusimama mwenyewe usiku kwenye eneo jekundu (la wagonjwa mahututi) mpaka bingwa wa kuitwa afike. Nimeshaandika mada 40 za mihadhara kuanzia mshtuko wa moyo, sumu, kung'atwa na nyoka, kuungua, mpaka magonjwa ya kuzama majini. Mfawidhi kasema leta andiko. Mada hizo zinatosha? Niweke mtihani wa kuandika? Cheti je? Na nani hapa nchini wameshafanya ili niige?

EneoJekundu:
Mkuu hongera kwanza kwa kujitwisha. Mimi nimepita MMED (shahada ya ubingwa) ya dharura pale Muhimbili kwa hiyo naongea kidogo kwa uzoefu.

Mada 40 weka pembeni. Sio kwamba ni mbaya ila hizo ni za mtu wa MMED. Mgonjwa wa saa nane usiku hafiki na jina la ugonjwa kichwani, anafika anahema vibaya, au amezimia, au presha iko chini, au bodaboda imemburuza. Kozi ya BEC (huduma ya msingi ya dharura) ya WHO, ile iliyotoka 2018 pamoja na Msalaba Mwekundu wa kimataifa, imepangwa hivyo hivyo: ABCDE kwanza (njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, kumfunua mgonjwa umkague), halafu majeraha, kupumua kwa shida, shoku (damu haifiki vizuri mwilini) na fahamu kubadilika, basi. Siku 5. Na ilijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia kabla haijatolewa, kwa hiyo sio kitu cha kuazima Ulaya. Kitabu chake unakipakua bure. Waandikie EMAT, chama chetu cha dharura, uwaulize wakufunzi, kuna wanaozunguka mikoani. Hiyo iwe wiki ya kwanza ya kila anayeingia, halafu miezi inayobaki ndio mafunzo yenyewe.

Lakini umeandika kitu kimoja ukakipita haraka, hiyo rosta. Hapo ndipo andiko lako litakapofia. Ukiwa na mtaala wa malaika na watu wanabadilika kila tarehe moja, unafundisha ABCDE mara kumi na mbili kwa mwaka na hakuna anayefika hatua ya pili. Kabla hujaandika mada yoyote nenda kwa Mfawidhi uombe MD wanne au watano ambao hawaondoki EMD miezi 6. Wanne tu. Intani waendelee kuzunguka kama kawaida, hao wanne ndio watakaowalea. Akikukatalia hilo, mkuu, usijichoshe na cheti.

Muhimbili yenyewe haikuanza na vitabu. Idara ilifunguliwa Januari 2010, mwaka huohuo MMED ikaanza MUHAS, chuo cha afya cha palepale, darasa la kwanza likamaliza 2013. Miaka ile yote kulikuwa na watu walioajiriwa kwa ajili ya idara ile tu, madaktari na manesi, na mkubwa wa kuwasimamia yuko palepale sakafuni, sio kwenye simu.

sista_wa_zamani:
Madaktari samahanini naingilia, mimi ni nesi. Dokta umeandika mafunzo ya MADAKTARI. Sasa usiku nani anampokea mgonjwa mlangoni? Nani anafanya triaji, kupanga nani aonwe kwanza? Nani anajua kanula za watoto zimeisha? Mkifundishana wenyewe kwa wenyewe halafu mje kutuamrisha "sista fanya hivi" mtaona.

Niwape mfano. Sehemu niliyopo in-chaji wetu alianzisha drili (mazoezi ya kuigiza dharura) za palepale chumbani, mchana, bila kuambiana. Mdoli wa sokoni, tukaambiwa huyu mtoto ana miaka miwili, degedege dakika kumi haijakoma. Daktari kijana alikuwa vizuri kabisa, njia ya hewa kaangalia, oksijeni kaweka, kaagiza diazepamu na sukari ipimwe. Diazepamu iko kwenye kabati la kufuli, ufunguo uko mfukoni mwa mwenzangu aliyesindikiza mgonjwa eksirei. Sukari, glukomita hii hapa, stripi zimeisha toka wikendi na hakuna aliyeandika. Tumebaki tumesimama na mdoli wetu. Siku hiyohiyo ukatoka utaratibu, ufunguo haubebwi na mtu anayetoka nje ya idara, unapokelewa kwa saini kwenye daftari la makabidhiano, na stripi zinahesabiwa asubuhi na jioni. Sasa niambieni, hilo lingegunduliwa kwenye muhadhara gani wa pawapointi?

Kwa hiyo tuwekeni wote pamoja. Hata mhudumu anayesukuma kitanda, maana yeye ndiye anayefika na mgonjwa wa kwanza.

EneoJekundu:
Sista umemaliza kila kitu, mkuu chukua hiyo ya drili kama ilivyo. Dakika 10 drili, dakika 10 kuongea, mara moja kwa wiki, kwa vifaa vyenu halisi.

mzee_wa_theatre:
Nyie vijana mnapenda kuanzisha vitu. Mkoa ungepeleka watu wawili MMED wakarudi mabingwa, si yangekwisha? Haya mafunzo ya mtaani mwisho wake kila mtu anajiita bingwa wa dharura, anamlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi halafu bomba la kupumulia linaingia tumboni anatuita sisi.

dokta_wa_zamu:
Mzee shikamoo. MMED ni miaka mitatu, na hata wakienda wawili leo, miaka hiyo mitatu wagonjwa wanaendelea kuja usiku na anayewapokea ni intani. Sitaki kutengeneza bingwa. Nataka MD asimuue mtu wakati bingwa yuko njiani.

mzee_wa_theatre:
Marahaba. Haya hapo tunaelewana. Basi nikuambie kitu cha bure. Hao wanne wako walete theatre wiki mbili mbili, asubuhi, waje na mikono tu. Sitawafundisha kuintubeti (kuingiza hilo bomba) kwanza. Nataka mtu ajue kushika barakoa ya ambubegi (mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa), mikono miwili, taya liinuliwe, kifua kiinuke. Wengi wanaminya begi kama wanajaza tairi na hewa yote inaenda tumboni. Kwenye orodha ya upasuaji ya asubuhi moja mtu anabegi wagonjwa kadhaa walio tulivu, na mtaalamu wa usingizi amesimama pembeni, hilo hulipati EMD hata kwa mwezi. Akishaweza begi na sakshini (kunyonya mate na uchafu) vizuri ndio tuongee habari za bomba na ketamini.

niko_Midlands:
Nipo Uingereza, nafanya kazi A&E (idara ya dharura) huku. Alichosema mzee ndicho huku wamekirasimisha. Daktari akimaliza miaka 2 ya fandesheni, anayetaka dharura anaingia kitu kinaitwa ACCS, miaka miwili ya mwanzo imegawanywa: miezi 6 dharura, miezi 6 wagonjwa wa ndani wa ghafla, na mwaka mzima usingizi na ICU. Yaani kabla hujawa mtu wa dharura umeshakaa theatre na ICU muda mrefu kuliko ulivyokaa mapokezi.

Ila msikopi mtaala wa huku neno kwa neno nawaomba. Huku nikisema "mshipa haupatikani niletee ultrasaundi", inakuja. CT iko korido ya pili. Kwa mazingira yenu angalieni zaidi Afrika Kusini, wana diploma ya dharura ya msingi kwa ajili ya MD wasio mabingwa, na mfumo wa triaji wa SATS umetengenezwa kwa hospitali zenye manesi wachache: unapima vitu vichache, unajumlisha pointi, rangi inatoka. Chungwa aonwe ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani saa 4.

daktari_wa_kaunti:
Habari zenu kutoka Kenya. Huku kazualti ya kaunti usiku ni klinikal ofisa na MO (daktari asiye bingwa) mmoja, kwa hivyo hii shida tunaijua sana. Dharura yenyewe ilitambuliwa kama ubingwa huku 2017 tu, kwa hivyo hata sisi mabingwa bado ni wa kuhesabu.

Nataka kuongeza moja kuhusu kukopi, na hii ni serious. Shoku. Ukichukua mwongozo wa ng'ambo unaambiwa presha ikishuka mwaga dripu haraka. Sasa utafiti wa FEAST wa 2011 ulifanywa kwetu hapa, Kenya, Uganda na Tanzania, watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na dalili za shoku. Waliomwagiwa maji haraka walikufa zaidi: kwa masaa 48 ilikuwa kama asilimia 10.5 dhidi ya 7.3 kwa wale hawakupewa hiyo bolasi. Watu wakasema aah hiyo ni watoto. 2017 ikatoka ya Lusaka, watu wazima wenye sepsis (maambukizi makali yanayoathiri mwili mzima) na presha iko chini, wengi wana HIV, wale waliowekwa kwenye protokali ya maji mengi na dawa za kupandisha presha walikufa asilimia 48, wale wa matibabu ya kawaida 33. Hakuna ICU ya kumshikilia akijaa maji mapafuni, hakuna ventileta.

Msinielewe vibaya, mtoto wa kuhara aliyekauka anahitaji maji, na hao hawakuwa kwenye FEAST. Aliyevuja damu anahitaji damu, na traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu) ndani ya masaa 3. Lakini hiyo ndio somo la kufundisha wiki nzima: hii shoku ni ya aina gani, na ukishaweka maji umerudi kumwangalia saa ngapi? Kusikiliza mapafu, kupapasa ini la mtoto. Intani wengi wanaandika "IV fluids" kwa faili na wanaenda kwa mgonjwa mwingine.

dokta_wa_zamu:
Aisee daktari asante, hiyo ya Lusaka sikuwa naijua kabisa na sisi presha ikishuka ni lita mbili mkono huu na huu.

Sasa mtihani je? Na cheti? Maana vijana wa kujitolea ninaowaona watauliza "nikikaa miezi 6 napata nini", hana mshahara, anapata posho kidogo ya mapato ya ndani.

EneoJekundu:
Swali zuri na usilikwepe kwenye andiko. Diploma huwezi kutoa, usijaribu hata kuiita hivyo. Unachoweza ni kufuatilia pointi za CPD (mafunzo endelevu) kwa Baraza la Madaktari, leseni lazima ihuishwe na pointi zinatafutwa na kila mtu. Na barua ya Mfawidhi yenye maelezo ya kile alichofanya kwa mikono yake, ambayo akiomba MMED kesho inasomeka vizuri kuliko cheti cha semina ya siku mbili hotelini.

Mtihani wa kuandika acha, au uwe mdogo. Tengeneza logibuku ya karatasi, kurasa chache. Kila ustadi una mstari: kubegi, sindano ya mfupani kwa mtoto, kutoa hewa kifuani, ultrasaundi ya tumbo kwa aliyegongwa (ndio, itoe hiyo shuka), kumweleza ndugu habari ya msiba. Anasaini aliyeona, sio aliyesikia. Wa theatre asaini mzee.

Na kila mwezi kikao cha vifo vya EMD. Sio cha kutafuta mchawi. Faili linasomwa kwa saa: alifika lini, aliguswa na daktari lini, dawa ya kwanza iliingia lini. Mwanzoni mtaona muda wa kuonwa haujaandikwa kabisa, basi hilo ndilo la kurekebisha mwezi huo.

sista_wa_zamani:
Na kikao kiwe saa za kazi sio saa kumi jioni baada ya shifti, wengine tuna watoto.

mzee_wa_theatre:
Usiku wa kwanza wa hao vijana wawe na namba ya mtu mkubwa anayepokea simu. Iandikwe kwa marka ukutani. Na anayepigiwa asigombe, akigomba mara moja tu hawatapiga tena.

dokta_wa_zamu:
Nimewaelewa wote. Mpango niliokusanya hapa: naomba MD wanne wasiohamishwa miezi 6, manesi sita wa triaji na eneo jekundu waingie BEC pamoja nao, drili kila Jumatano baada ya makabidhiano, wiki mbili theatre kwa zamu ili idara isibaki tupu, kikao cha vifo Alhamisi ya mwisho wa mwezi saa nne asubuhi. Mada 40 zimebaki 12. Kung'atwa na nyoka nimekubakiza maana huku kwetu wapo kila msimu wa kilimo.

Kitu kinachonitia wasiwasi ni Mfawidhi kukubali wanne, wodi zinalia hazina watu.

EneoJekundu:
Usiende na andiko tupu. Chukua rejista, toa orodha ya waliofia EMD miezi mitatu iliyopita na waliofika usiku ni wangapi, weka ukurasa wa kwanza. Na mpe ofa: mmoja kati ya hao wanne atasaidia kuitikia simu za wodini mgonjwa akibadilika usiku. Wakuu wa wodi watakuombea wenyewe. Ukimaliza rosta iweke hapa tuikague kabla hujaisaini.