Windows 10 imeisha muda: ESU, Windows 11 ya kulazimisha, Linux Mint au laptopu nyingine? (Ulinganisho kwa steshenari)

Steshenari_Mbagala

Wakuu, habari za leo. Windows 10 ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025 na kila fundi anasema lake. Naomba ulinganisho kutoka kwa wanaoijua kazi. Mashine ni tatu:

1. HP EliteBook 840 G3, i5-6300U, RAM 8 GB, SSD 256 GB
2. Lenovo ThinkPad T460, i5-6200U, RAM 4 GB, diski ya kuzunguka (HDD) 500 GB
3. Dell Latitude 7490, i5-8350U, RAM 8 GB, SSD 256 GB

Zote zina Windows 10 Pro. Kazi ni za steshenari ya kawaida: CV na barua za maombi, kadi za harusi na za mchango kwa Publisher, picha za pasipoti, maombi ya mkopo HESLB, Ajira Portal, kuskani vyeti. Printa ni Epson L3110 na Canon LBP2900. Flashi za wateja zinaingia na kutoka kutwa nzima. Intaneti ni bando la simu, kwa hiyo kila GB ina hesabu yake.

---

Fundi_Bisibisi

Mkuu, kwanza tenganisha mashine, maana jibu si moja kwa zote tatu.

Tazama namba ya prosesa. Kwa Intel za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Windows 11 inaanzia kizazi cha 8 kwa Intel na Ryzen 2000 kwa AMD. Inataka pia TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (kinga wakati wa kuwaka), RAM 4 GB na diski ya 64 GB. Kwa hiyo Dell yako inaingia kihalali na bila malipo. HP na Lenovo haziingii.

Kwenye Dell bonyeza Windows+R, andika tpm.msc, usome toleo pale chini. Ukiambiwa TPM haipo, usimkimbilie mtu wa kukuuzia kifaa. Mara nyingi imezimwa tu kwenye BIOS (mipangilio ya ubao): washa mashine huku ukibonyeza F2, ingia sehemu ya usalama, uiwashe. Hakikisha pia mashine inaboti kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha) na si Legacy (ya zamani). Kama diski iligawanywa kwa MBR (mgawanyo wa zamani), usibadilishe hadi UEFI kabla ya kuigeuza kuwa GPT (mgawanyo mpya) kwa programu ya mbr2gpt, la sivyo Windows haitawaka.

Hizo mbili zilizobaki, njia ya haraka ni ESU, yaani masasisho ya usalama ya nyongeza hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kuna milango mitatu: kulipa dola 30 mara moja, kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bure kabisa ukikubali kusawazisha mipangilio ya kompyuta na akaunti ya Microsoft. Leseni moja inabeba hadi mashine 10 za akaunti hiyo hiyo.

Wengi wanakwama kwa sababu hizi: mashine haiko toleo la 22H2 (andika winver uone), masasisho ya nyuma hayajakamilika, au wameingia kwa akaunti isiyo ya msimamizi. Ukirekebisha hayo, kiungo cha kujiandikisha kinatokea kwenye ukurasa wa Windows Update. Kompyuta za ofisi zilizofungwa kwenye domeni (mtandao unaosimamiwa na kampuni) haziingii kwa mlango huu.

---

Kaka_Diski

Mbona Defender (kinga ya virusi ya Windows yenyewe) bado inasasishwa kwenye Windows 10? Mimi naona watu wanatiwa hofu bure. Hata hiyo ESU si lazima.

---

Mlinda_Faili

Kaka, hapo kuna mkanganyiko na ni wa hatari. Ni kweli Microsoft imesema Defender itaendelea kupata taarifa za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Ila Defender inatambua faili baya linapofika. Haizibi tundu lililo ndani ya Windows yenyewe.

Kumbuka kirusi cha WannaCry cha Mei 2017. Kilipita kwenye tundu la SMB (huduma ya Windows ya kushea faili kwenye mtandao), kikaruka mashine hadi mashine bila mtu kubofya kitu. Kiraka cha matoleo yaliyokuwa bado yanahudumiwa kilitoka Machi mwaka huo huo. Waliokiweka walisalimika, ambao hawakukiweka faili zao zilifungwa. Steshenari ina vyeti vya watu, namba za NIDA na picha zao. Mashine isiyo na viraka haifai kushika vitu hivyo, kwa maoni yangu hata kwa wiki moja.

Na Office je? Office 2016 na 2019 nazo ziliishiwa siku ile ile, 14 Oktoba 2025. ESU haizigusi.

---

Ubongo_Huria

Niongelee Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwa sababu HP na T460 zinaifaa sana.

Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na inahudumiwa hadi Aprili 2029. Inaanzia RAM 2 GB, ingawa 4 GB ndiyo ya kufanyia kazi bila kukwama. Faili la ISO (la kusakinishia) ni karibu GB 3, flashi ya 8 GB inatosha. Mint ina matoleo kadhaa: kwa HP chukua la Cinnamon. Kwa T460 chukua la Xfce, ni jepesi zaidi.

Mpangilio wa kazi:

Pakua ISO na ulinganishe alama yake ya SHA256 (namba ya kuthibitisha kwamba faili ni zima) na ile ya kwenye tovuti. Bando likikatika katikati faili linaweza kuharibika, halafu usakinishaji unagoma kwenye asilimia fulani na watu wanalaumu mashine. Andika ISO kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Boti kwa flashi: F9 kwa HP, F12 kwa ThinkPad na Dell. Usisakinishe bado. Mint inawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Humo jaribu Wi-Fi, sauti, kufungua CV tatu nne za wateja, na printa. Kitu kikigoma, zima, chomoa flashi, Windows yako ipo kama ulivyoiacha.

Upande wa nyaraka, ugomvi mkubwa ni fonti. CV iliyoandikwa kwa Calibri ikifunguliwa kwenye LibreOffice (mbadala wa bure wa Office) bila fonti inayolingana, kurasa mbili zinakuwa tatu na mteja anakasirika. Weka Carlito kwa ajili ya Calibri na Caladea kwa ajili ya Cambria. Upana wa herufi ni ule ule, mistari haihami. Kwa Arial na Times New Roman sakinisha ttf-mscorefonts-installer na ukubali leseni yake.

Faida yenyewe kwa steshenari ni flashi za wateja. Vile virusi vya kugeuza mafolda kuwa njia za mkato ni programu za Windows, kwenye Mint havijiwashi. Unaona faili halisi la mteja pamoja na vile vilivyofichwa, unanakili linalohitajika, basi. Ila flashi yenyewe bado ina kirusi, usiipeleke kwenye Dell kwa kuamini imeshasafika.

---

Saiba_Kisumu

Naongeza kutoka upande wa Kenya, maana saiba zetu na steshenari zenu kazi ni moja. Kabla ya kuhamia Linux, orodhesha vitu visivyohama.

Cha kwanza, Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili). Huku fomu za Excel za iTax (mfumo wa kodi wa Kenya) zina makro, na makro za Excel mara nyingi hazikubali vizuri kwenye LibreOffice: kitufe cha kuthibitisha unabonyeza, hakuna kinachotokea. Huko kwenu HESLB na Ajira Portal ni kazi za kivinjari, hazina shida.

Cha pili, Epson L3110. Kuchapa kwenye Linux ni sawa, draiva ya ESC/P-R ipo, na kuskani kuna Epson Scan 2. Lakini siku kaunta ya wino taka inapojaa na taa zikawaka zote, programu ya kurudisha kaunta ni ya Windows. Usibaki bila mashine hata moja ya Windows. Na siku hiyo badilisha sponji pia. Ukirudisha namba peke yake, wino utamwagika chini ya printa.

Cha tatu, hiyo Canon LBP2900. Inatumia CAPT, lugha ya printa ya Canon yenyewe, na draiva yake ya Linux ni ya zamani na ina kiburi: leo inachapa, kesho baada ya sasisho inanyamaza. Iache kwenye Windows.

---

Mkunja_Kadi

Jambo la Publisher halijaguswa na ndilo linalogusa mapato. Microsoft imetangaza kwamba Publisher inafika mwisho Oktoba 2026, mwezi ule ule ESU inapoisha. Hata ukihamia Windows 11, kwa wenye Microsoft 365 Publisher haitafuata.

Kwa hiyo anza kutoa kadi zako sasa. Kila kiolezo cha .pub kifungue, kihifadhi pia kama PDF. LibreOffice Draw inafungua .pub, ila tegemea maandishi ya mapambo kuhama na picha kukatwa vibaya. Nzuri zaidi ni kuzijenga upya zile chache zinazouzika kila wiki, kwa Inkscape au Scribus. Zote mbili ni bure, zinafanya kazi Windows na Linux, hivyo unaweza kujifunzia hapo hapo kwenye Windows kabla ya kuhama.

Kwa Scribus weka nafasi ya kukatia 3 mm kila upande tangu mwanzo. Publisher iliwazoesha watu kubuni hadi ukingoni, halafu kisu kikisogea kidogo, mstari mweupe unaonekana pembeni mwa kadi.

---

Kaka_Diski

Nimeelewa la Defender, asante. Sasa kwa nini asilazimishe Windows 11 kwenye HP? Rufus ina alama ya kuondoa sharti la TPM na Secure Boot. Inaingia vizuri.

---

Fundi_Bisibisi

Inaingia, sibishi. Kizazi cha 6 kina maagizo ya prosesa yanayohitajika tangu toleo la 24H2 la Windows 11 (SSE4.2 na POPCNT), mashine za Core 2 Duo ndizo zinazokataliwa kabisa. Kama unataka kupandisha bila kufuta faili, kuna njia ya rejista: chini ya HKLM\SYSTEM\Setup\MoSetup unaweka DWORD iitwayo AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU yenye thamani 1, kisha unaendesha setup ndani ya Windows 10. Hiyo bado inataka angalau TPM 1.2.

Shida inakuja baadaye. Microsoft imeandika wazi kwamba mashine za namna hii hazina haki ya kupata masasisho. Kwa sasa ya kila mwezi huwa yanafika, ila toleo jipya la mwaka huenda lisijilete lenyewe. Unapakua ISO ya zaidi ya GB 5 na kurudia kazi. Kwa mtu wa bando hilo ni gharama. Kwa mashine ya nyumbani ningekubali. Kwa mashine ya biashara iliyo na mbadala wa Mint, hapana.

---

Steshenari_Mbagala

Nashukuru sana. Maswali mawili: T460 yenye RAM 4 nianzie RAM au SSD? Na je, HP naweza kuacha Windows na Mint pamoja kwa miezi michache?

---

Fundi_Bisibisi

SSD kwanza, bila kusita. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 5400 inasoma kwenye MB 100 kwa sekunde hivi ikisoma kwa mfululizo, na inaanguka vibaya ikiruka huku na huku, ambayo ndiyo kazi ya mfumo wakati wa kuwaka. SSD ya SATA inafika karibu MB 500. T460 inachukua ya inchi 2.5 yenye unene wa 7 mm.

Kabla ya kufungua, ingia BIOS (F1) ukazime betri ya ndani. T460 ina betri mbili, ukichomoa ya nje peke yake umeme bado upo kwenye ubao. Skrubu za mfuniko hazitoki kabisa, zinalegea tu, usizivute kwa nguvu.

RAM ni ya pili. T460 inatumia DDR3L, T470 ndiyo DDR4. Watu wanauziwa DDR4 kwa ajili ya T460 kila siku, na haikai kwenye nafasi yake. HP 840 G3 ni DDR4.

---

Ubongo_Huria

Mbili pamoja inawezekana. Fuata mpangilio huu: nakili faili zako nje. Angalia kama BitLocker (kufuli la diski la Windows) imewashwa. Kama ndiyo, izime na usubiri imalize kufungua diski. Zima Fast Startup (kuwaka kwa haraka) kwenye mipangilio ya umeme, vinginevyo Mint itaona sehemu ya Windows ikiwa imelala na itaifungua kwa kusoma tu. Ndani ya Windows fungua diskmgmt.msc, punguza C kwa angalau GB 60, uiache nafasi hiyo tupu. Usiigawe kwa Mint, Windows ipunguzwe na Windows yenyewe. Kisha boti kwa flashi na uchague kusakinisha pembeni mwa Windows.

Baada ya hapo saa ya Windows itarudi nyuma saa tatu. Mashine haijaharibika: Mint inaandika saa ya ubao kwa UTC (saa ya dunia), na sisi tuko UTC+3. Kwenye Mint andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Irekebishe saa mara moja, haitahama tena.

---

Mlinda_Faili

Kama utaongeza mashine ya nne, usinunue chini ya kizazi cha 8 hata ukipunguziwa vipi: ThinkPad T480, EliteBook 840 G5, Latitude 7490 kama uliyonayo. Dukani, kabla ya kutoa hela, endesha powercfg /batteryreport na ulinganishe ujazo wa kiwandani na wa sasa. Ingia BIOS uone haina nywila. Kisha omba Windows isakinishwe upya mbele yako ikiwa na intaneti. Mashine zilizotoka kampuni za Ulaya wakati mwingine bado zimesajiliwa huko, na baada ya kusakinisha zinadai uingie kwa barua pepe ya kampuni. Bila intaneti hilo halionekani, linakuja kuonekana ukiwa umeshafika nyumbani.

---

Steshenari_Mbagala

Na Canon ikibaki kwenye Dell, HP yenye Mint itachapaje? Niishee printa kwenye mtandao?

---

Saiba_Kisumu

Ukiishea kwa njia ya kawaida, Mint bado itadai draiva ya CAPT, umerudi pale pale. Fungua folda ya pamoja kwenye Dell yenye nywila. HP ihifadhi kazi humo kama PDF, aliye kwenye Dell azichape. PDF haihamishi mistari, na wewe unapata nafasi ya kukagua kurasa kabla karatasi haijaingia.