Jino ya mbele imekufa, mzizi haijafunga: chokaa ao MTA?

MamaDani_Kadutu
Jambo bote. Kijana yangu wa miaka 8 alianguka na bidoni ya maji, jino ya mbele ya juu ikavunjika. Tukakaa tu, kiisha miezi tatu ufizi ikaanza kutoa usaha. Radio inaonesha jino imekufa na mzizi iko wazi ku ncha kama tarumbeta. Dantisti mmoja anataka ile dawa ya chokaa, hidroksidi ya kalisiamu, mwingine anataka dawa ingine inaitwa MTA lakini bei yake, mama yangu we!

Yaya_Essence
Ng'oeni tu, ingine itaota.

Dantisti_Nyawera
Apana Yaya! Hiyo ni ya ukubwani, haioti tena. Mama, kisha jino kutoka mzizi unaendelea kukua karibu miaka 3, wake ulisimama njiani, sasa ukijaza kawaida dawa inapitiliza ku mfupa. Chokaa inafanya mwili ujijengee kizibo kigumu, lakini ni miezi 6 mpaka 18 ya kurudi-rudi na kuta za mzizi ni nyembamba. Mtafiti Andreasen na wenzake walipima meno ya kondoo, 2002, ile iliyokaa na chokaa muda mrefu ilivunjika kirahisi. MTA ni kama simiti, unaweka milimita 3 mpaka 5 ku ncha, inakuwa ngumu kwa unyevu, unajaza, basi. Ubaya yake, ile ya kijivu inachafua rangi ya jino.

Papa_Goma
Siye tulifanya chokaa kwa binti yetu. Kila mara bei ndogo, ila hesabu na mashua Goma-Bukavu mara 5! Kiisha jino ikakatika ku shingo akikula mahindi ya kuchoma.

Etudia_Ibanda
Na ile njia ya damu, ya madantisti Banchs na Trope, 2004? Unasafisha, unaweka antibiotiki, kisha wiki kadhaa unachokoza damu ipande ndani, mzizi unaweza kurefuka.

Dantisti_Nyawera
Unaweza, si lazima. Mzizi ukiwa mfupi sana nitajaribu hiyo, ukibakiza kidogo tu kumaliza kukua, kizibo cha MTA kinatosha. Mungelikuja siku za kwanza, kamshipa ka ndani ya jino kangali na uzima, tungekakata milimita 2 tu juu juu, njia ya dantisti Cvek, mzizi ungemaliza kukua wenyewe.

MamaDani_Kadutu
Walisema umebakiza kidogo. Basi MTA, nitaomba nilipe mara mbili. Aksanti dokta.

Yaya_Essence
Dokta... na wale tulishang'oa?